La tour niliyoibeba kichwani

Muhindo amekufa. Binti yake alinitumia sauti kwenye simu kutoka Butembo, siku ya Jumatatu, nilipokuwa nachambua lengalenga. Namba yangu aliipata kwa nani, sijui. Alisema: "Mama Véro, munisamehe kama nasumbua. Papa alikufa Jumamosi, tumekwisha kumuzika. Mbele ya kufa alisema tukutafute, tukuambie." Tukuambie nini, hakusema, nadhani na yeye hakuambiwa. Nilisikiliza mara mbili, nikaweka simu chini, nikaendelea na mboga zangu, majani huku, vijiti huku. Mjukuu wangu Plamedi, mtoto wa binti wa dada yangu mkubwa, alikuwa mezani, amefungua mashine yake. Anajenga ordinateur, yaani kompyuta, ya kuchezea michezo, yeye mwenyewe, msichana wa miaka kumi na saba, na mimi natembea kifua mbele katika Ruashi nzima kwa sababu yake. Akaniuliza: "Nkambo, nani alikufa?" Nikamwambia, mtu mmoja tuliyejenga naye mashine kama hiyo yako. Akacheka. Alifikiri ninataka kusema redio. Basi nikanyosha kidole: hii ni carte mère, bao mama, hizi ni barrettes za mémoire, vipande vya kumbukumbu, hii ni alimentation, na hiyo alimentation yako ni nyepesi mno, irudishe kwa aliyekuuzia. Akaacha kucheka.

Shule niliiacha mwaka wa nne wa msingi, kwa hiyo nitaandika jinsi ninavyosema. Mwaka tuliojenga mashine nilikuwa na miaka kumi na tisa, na vita ya pili ya Kongo ilikuwa imepasua nchi vipande viwili kama kitenge. Sisi wa Lubumbashi tulikuwa kipande hiki, cha serikali, Butembo ilikuwa kipande kile, cha waasi. Nilipika katika depo ya Papa Kambale, mfanyabiashara wa jumla, nyuma ya soko la Kenya, mtaa wetu, si ile nchi, na Muhindo alikuwa mtoto wa dada yake, aliyeletwa kutoka kwao Butembo ili aandike mizigo inayoingia na inayotoka. Kufika mwaka ule hakukuwa tena na kuingia wala kutoka. Malori yalikwama upande wa pili. Tulikula saa sita katika chumba cha nyuma, kati ya marobota ya nguo na katoni za sabuni, hata bukari, ugali wetu, ilikuwa na harufu ya sabuni, na Papa Kambale alishika redio sikioni, sauti chini kabisa, akitwambia kwa vipande: "Wamefunga barabara." Kisha anatafuna. "Wamechukua mji mwingine." Anatafuna. Mimi na Muhindo tulikuwa tumekwisha kupatana, lakini mahari ilikuwa inangoja wazee wa kwao wafike, na wazee walikuwa nyuma ya bunduki. Hivyo tulikuwa wachumba bila tarehe. Sikulia juu ya hilo. Mwaka ule hakuna aliyekuwa na tarehe ya kitu chochote.

Mjini makampuni yalikuwa yanakufa moja moja, na kila mfanyakazi asiyelipwa alikata kipande chake kama mnofu wa ng'ombe aliyeanguka njiani. Kwanza vilitoka viti kwa mlango wa nyuma, kisha mashine za kupiga herufi, kisha ordinateurs, nzima au vipande, zikauzwa chini, juu ya magunia, kando ya nyanya na chumvi. Muhindo alikuwa ameenda kwa Mgiriki mmoja aliyekuwa anafunga nyumba ili akimbie, akaona mtoto wa yule Mgiriki amekaa juu ya sanduku la safari anaendesha magari ndani ya kioo. Siku ya pili yake akaniambia: "Véro, hii biashara ya mujomba imekufa. Tutajenga mashine yetu. Batoto ba Kenya yote batapanga mustari kwa kucheza." Nikamwuliza kama anajua kuijenga. Akatoa gazeti la Kifaransa lililochanika, akanionyesha picha. Yeye alijua majina. Mimi nilijua soko, na soko ndilo lililokuwa kazi yenyewe.

Siku ya kwanza aliniambia, kama mtu anayetuma mke dukani: "Kesho utafute alimentation, njo ya maana kupita yote." Kwetu alimentation ni duka la vyakula, kila mtu wa Lubumbashi anajua. Nikaona ni sawa, mtu hawezi kuanza kazi kubwa na tumbo tupu. Nikarudi na maziwa ya unga na makopo mawili ya sardini. Muhindo alicheka mpaka akalala juu ya robota. "Alimentation ya mashine, Véro! Kisanduku kinachokula courant na kulisha bengine!" Kumbe ni kisanduku cha umeme. Nikamwambia mashine yake ingoje, sisi tule kwanza. Tukala sardini na mkate. Toka siku hiyo nilienda naye kila mahali, na wauzaji waliponiona nikinusa vipande vyao walinitania: "Mama, hii haina samaki." Lakini pua haidanganyi, kipande kilichoungua kinanuka hata kikipanguswa. Carte mère tulizitazama nane. Juu yake kuna vikopo vidogo vimesimama kama makopo ya nyanya, na kopo lililovimba kichwa, la nyanya au la mashine, limeoza. Saba zilikuwa na vikopo vilivyovimba. Tukachukua ya nane, nikaifunga katika kitenge. Barrettes za mémoire zilikuwa na meno ya dhahabu yaliyochafuka. Muhindo akayasugua kwa gomme, kifutio cha mwanafunzi, mpaka yakang'aa. Sanduku la chuma, lile linalobeba vyote, linaitwa la tour. La kwetu lilitoka katika ofisi fulani, refu, zito, lenye alama ya kikombe cha kahawa juu. Kioo na ubao wa vitufe Muhindo alivipata kwa Mgiriki. Vyote vikakaa juu ya meza ya depo, chini ya kitenge changu cha pili, vikingoja alimentation tu. Ilikosekana kabisa.

Ndipo Muhindo akaenda kwenye phonie. Siku hizo simu haikufika upande wa pili, ilikuwa ile redio ya agence ya usafiri, chumba kimoja, benchi moja, watu kumi na tano wamekaa, na kila mmoja anasikia siri za mwenzake. Nilikuwa naye. Kaka yake Paluku aliitika kutoka Butembo, sauti kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Muhindo alipiga kelele ili asikike, na kila akimaliza alisema à vous, zamu yako:

"Yaya, la tour nimekwisha kuipata! Carte nimepata! Alimentation njo inakosa! À vous!"

"Alimentation ya ngapi? À vous."

"Mia mbili na makumi tano! Ukinitumia hiyo tu, la tour itawaka siku ileile! À vous!"

Nakumbuka benchi zima lilikuwa linaangalia miguu yake. Mimi niliona ni adabu. Sikusikia walichosikia wao: kijana wa mashariki, mwenye Kiswahili cha Kivu, anasema na upande wa adui, ana carte, yaani ramani, na anaahidi kwamba la tour itawaka. La tour ni mnara pia, na Lubumbashi ina la tour moja tu ambayo askari waliogopa isiwake moto, ile ya uwanja wa Luano, inayoongoza ndege. Kifaransa kilimponza kwa neno moja na Kiswahili kikammalizia kwa lingine. Taa inawaka, na nyumba inawaka pia.

Walikuja kesho yake saa sita, tukiwa tunakula. Askari wanne na jeep. "Muhindo njo nani?" Muhindo akasimama, tonge bado mkononi. "La tour ya Luano itawaka siku gani?" Na yeye, mjinga wangu, akacheka. Alidhani ni rafiki zake wamewatuma wamchokoze. Walimpiga na kitako cha bunduki hapa, kwenye taya, na tonge likaanguka katika mboga. Papa Kambale hakunyanyua macho. Mashine ilikuwa mezani, hatua mbili kutoka kwao, chini ya kitenge, hakuna aliyeifunua. Jeep ilipoondoka Papa Kambale alifunga redio, akasema, "Miye sina mutu huyo," kama wamekwisha kumwuliza. Nikatoa tonge katika mboga nikalitupa. Najua ningepaswa kupiga kelele. Kelele haikuja. Mikono tu ilikuwa inajua cha kufanya.

Walimweka katika nyumba moja ya zamani ya Wazungu, njia ya Luano, iliyochukuliwa na askari. Nilienda mchana uleule. Mlinzi alicheka, lakini commandant alikuwa amekaa barazani anakula karanga, mtu mnene bado kijana, na nilipofungua mdomo akasikia mimi ni wa hapa. Na yeye alikuwa mtoto wa Kambove, humuhumu Katanga. Nikamweleza kwamba la tour ni sanduku, kwamba carte si ramani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akitupa maganda.

"Mama, miye nafanya kazi na macho, hapana na masikio. Leta hiyo tour yako. Ikiwaka mbele yangu, mutu wako atatoka. Isipowaka, utabakia naye. Na uende mbio, benye kuwa mu chumba kile banapanda ndege kesho kutwa."

Niliuliza ndege inawapeleka wapi. Akasema: "Haina ndege ya kurudi."

Kwa hiyo nilikuwa na siku moja na nusu ya kutafuta kile tulichokitafuta miezi mitatu. Nilimkumbuka mlinzi mzee wa ofisi moja mjini. Kampuni yake ilikuwa imekufa na yeye bado alilinda mlango wake. Nikampelekea gunia la unga la depo, sikumwomba Papa Kambale ruhusa. Mzee akanifungulia chumba. Zilikuwepo alimentations tano juu ya rafu. "Moja tu, mutoto wangu. Gunia moja, kisanduku kimoja." Nikanusa: mbili zilikuwa zimeungua. Ya tatu ilicheza ndani kama kibuyu chenye kokoto. Zikabaki mbili. Moja ilikuwa safi, mpya, kipepeo chake, ile feni ya kupoza, kinazunguka vizuri ukikipuliza, lakini nyepesi, nyepesi kama sanduku la viatu. Nyingine ilikuwa na kutu, na kipepeo chake kimekwama kabisa, lakini nilipoinyanyua mkono ulishuka. Hakukuwa na umeme katika jengo lile, hakuna kujaribu. Nilisimama pale na kisanduku huku na kisanduku huku kama mtu anayechagua mihogo, na ninakwambia, moyo haukupiga mbio hata kidogo. Ulikuwa umekufa ganzi. Nilifikiri tu: kitu kizito kimejaa, kitu chepesi kimedanganya. Nikachukua kizito. Mzee akaniita mlangoni: "Nyuma iko kijiti chekundu. Hizi bilitoka kwa Baamerika. Ukiwasha bila kukisukuma, inalipuka kama bunduki."

Kesho yake asubuhi nilifunga yote ndani ya la tour, nikatia skrubu nne, nikapiga kata, nikaibeba kichwani. Kioo na ubao wa vitufe niliviweka mgongoni, nimevifunga kama mtoto. Toka Kenya mpaka njia ya Luano watu walinisalimia vizuri, walidhani nauza. Kwenye kizuizi askari mmoja akasema: "Mama, unahamisha televizyo, bwana alikufukuza?" Wenzake wakacheka. Nikaenda mpaka barazani, nikaitua mbele ya karanga. "Commandant, mulikuwa munatafuta la tour. Njo hii."

Aliniamuru niifungue. Askari saba walisimama nyuma yangu na bunduki zao, wakachungulia kama watoto kwenye sherehe. "Hii?" Carte mère. "Carte ya mahali gani?" Haina mahali, commandant, ni mama ya bintu byote. "Na hii?" Mémoire. "Inakumbuka nini?" Bado haijakumbuka kitu. Wakamtoa Muhindo, wakamkalisha chini kando ya ukuta. Taya lake lilikuwa limevimba, jicho moja limefungwa. Aliangalia ile alimentation yenye kutu, akatikisa kichwa polepole. Hakuitaka. Angechukua ile nyepesi, nilijua. Nikaingiza waya ukutani, kisha nikauchomoa tena, maana nilikumbuka kijiti. Kilikuwa upande wa volti mia moja na kumi na tano, za Amerika. Nikakisukuma kwa ukucha mpaka mia mbili na makumi tatu. Sekunde moja zaidi, ingelipuka mbele ya bunduki saba, na hakuna ambaye angeuliza ni kitu gani kimelia. Nikaingiza waya mara ya pili. Nikabonyeza.

Ililia mara moja, pii, kama kifaranga. Kioo kikawa cheusi, kikawa cha kijivu, kikaandika. Askari wote walirudi nyuma hatua moja. Ndani yake kulikuwa na mchezo wa magari ambao Muhindo aliupata pamoja na disque, kile kisahani kinachotunza michezo. Nikaufungua, nikamwonyesha commandant vidole aviweke wapi. Aligonga ukuta, akagonga mti, akagonga ukuta tena, akasema, bila kugeuka: "Mufungue huyu, ni Mukongomani kama siye, aende." Muhindo alisimama akatoka. Alipita nyuma yangu. Nilisikia miguu yake. Na mimi nikainua sketi yangu nimfuate, na commandant akasema, bado hajageuka: "Weye bakia. Inanuka."

Ilikuwa kweli. Kipepeo kilikuwa kimekwama, na kisanduku kikaanza kupata moto. Nikachukua kipande cha katoni, nikapiga magoti nyuma ya la tour, nikapepea, kama unavyopepea mbabula ili makaa yashike, ila hapa nilipepea ili kisishike. Nikapepea mpaka jua lilipoanza kushuka. "Kesho saa mbili," akasema. Na kesho yake, na kesho kutwa. Nilipepea wiki sita. Asubuhi natembea mpaka kule, jioni natembea kurudi, na mkono huu wa kuume mpaka leo unapanda kwa shida. Yeye alicheza, alikula karanga, alikasirika na magari, aliniambia habari za mama yake wa Kambove. Vita aliisahau, na mimi aliniona kama mkono unaotoka nyuma ya sanduku. Mnataka kujua kama alinigusa. Wote walitaka kujua. Hakunigusa. Mara moja alinipa karanga.

Papa Kambale alikuwa amemficha Muhindo Ruashi, kwa mtu wa kwao, na mimi sikuweza kwenda, askari wangenifuata. Jirani yetu Mama Béa ndiye aliyempelekea chakula na mashati safi. Mwanamke mwema, mwenye mdomo. Jioni moja, nikipita na katoni yangu kwapani, nilimsikia uani akiwaambia wenzake: "Kila siku! Saa mbili anaenda, saa kumi na mbili anarudi. Na anasema anapepeaka mashine. Mashine!" Wakacheka wote. "Bakubwa banakuwaka na moto, lazima bapepewe." Nilipita. Ningeingia niseme nini? Kwamba kipepeo kimekwama?

Halafu asubuhi moja nilikuta lori. Commandant alikuwa ametumwa mbele, kwenye vita. Askari walipakia godoro lake, sufuria zake, na la tour, bila kuifunika. "Mama, kazi imekwisha," akaniambia, akapanda. Ni hayo tu. Nilitembea kurudi Kenya mikono mitupu, na sikuwa na furaha wala hasira. Nilipita sokoni, nikanunua samaki wawili.

Muhindo alikuja depo mchana uleule kuchukua karatasi zake. Taya lilikuwa limepona likiwa limepinda kidogo upande. Nilikuwa nimekwisha kupika. Akakaa mahali pake, kati ya marobota, nikaweka bukari, nikaweka samaki, nikaleta beseni na jagi. Kwetu mwanamke ndiye anayemwagia mume maji ya kunawa. Hata kama mmegombana, hata kama hamsemezani siku tatu, maji unamwagia.

"Ulikuwa unafanya nini kule, Véro?"

"Nilikuwa napepea."

"Kupepea nini?"

"Unajua. Ilikuwa na kipepeo kibaya. Uliiona mwenyewe."

Aliniangalia mikono. Kisha akanitoa jagi mkononi polepole, bila nguvu, akajimwagia maji mwenyewe, mkono huu, halafu mkono huu. Akakata tonge moja, akalishika, akalirudisha kwenye sahani. "Niko naenda Kasumbalesa," akasema. "Kuko lori la kuvuka Zambia." Hakusema njoo. Hakusema neno baya hata moja, afadhali angesema. Alichukua karatasi zake, akafuta mikono kwenye suruali, akatoka, na mimi nilibaki nimeshika beseni lenye maji yake.

Mama Béa alimwona akipita uani na mfuko. Akaja akasimama mlangoni pa chumba cha nyuma, anaangalia sahani mbili, anaangalia samaki wawili.

"Véro, bwana eko wapi?"

"Ameisha kwenda. Mukaribie, mama, tukule, bukari itapoa."

Aliingia. Akakaa mahali pa Muhindo, akakunja mikono ya nguo, akanyosha mikono juu ya beseni. Nikachukua jagi, nikammwagia maji.